Raga ya Saba: Kutoka Bucha ya Melrose hadi Uwanja Wetu

Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka, kamati iliposoma orodha ya miradi ya harambee ya safari hii, mzee mmoja aliinua mkono kabla orodha haijafika mwisho. "Mwenyekiti," akasema, "watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nanyi mnataka tuchange pesa za kusawazisha uwanja ili wakimbizane na mpira wa yai?" Watu walicheka, na wengi waliocheka walikuwa upande wake.

Mradi wenyewe kila mwanachama anaujua. Ni kusawazisha ule uwanja wa shule ulio mteremkoni, kuweka milingoti, na kufanya siku moja ya mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande, Jumamosi katika muhula wa pili, kwa shule nane za pande zetu, wavulana na wasichana. Kamati iliniomba niandike historia fupi ya mchezo huu ili wasomaji wa kijitabu wajue wanachangia nini. Sikuambiwa niutetee mradi. Lakini nilipoanza kuandika niligundua kwamba swali la mzee yule, la pesa, ndilo lililouzaa mchezo wenyewe.

Tuanze mbali, katika mji mdogo wa Melrose, kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka na Uingereza. Ni nchi ya milima midogo, kondoo na viwanda vya sufu, na miji yake imekaribiana hivi kwamba kila mmoja unajua visa vya mwenzake. Mwaka 1883 klabu ya raga ya Melrose ilikuwa imeishiwa. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa kijana aitwaye Ned Haig, mzaliwa wa Jedburgh, ambaye alihamia Melrose na kufanya kazi katika bucha. Haig aliwaza kufanya siku ya michezo na kutoza kiingilio. Kungekuwa na mbio na mashindano ya kupiga mpira, lakini kilichovuta watu hasa ni raga, kwa hiyo alitaka timu kadhaa zicheze alasiri moja.

Hapo hesabu ikamshinda. Timu ya raga ya kawaida ina watu kumi na watano, na mechi zake ni ndefu. Huwezi kucheza mechi tano au sita za namna hiyo kabla jua halijazama, wala miji midogo haiwezi kuleta kundi la watu wengi hivyo kwa siku moja. Haig akapunguza. Watu saba kila upande, na mechi ya dakika 15. David Sanderson, aliyekuwa tajiri wake pale bucha na mchezaji mwenzake, naye hutajwa kuwa na mkono katika wazo hilo, na sioni haja ya kuwagombanisha marehemu.

Mashindano yalifanyika tarehe 28 Aprili 1883. Watu walifika kwa treni kutoka miji ya jirani. Wanawake wa Melrose walitoa kombe. Fainali ikawakutanisha wenyeji na jirani zao wa Gala, na dakika 15 zikaisha bila mshindi. Wakakubaliana kuongeza muda. Baada ya dakika kama kumi Melrose wakafunga trai, na papo hapo wakatoka uwanjani wakidai kombe ni lao. Gala walilalamika kwamba muda haujaisha. Anayetoka kwetu, akakumbuka fainali za soka za vijiji vyetu wakati wa Krismasi, hatashangaa kusikia kwamba kombe lilibaki Melrose.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu hudhani raga ya saba ni mchezo wa kitajiri uliobuniwa kwa ajili ya televisheni. Ulibuniwa na kijana wa bucha ili klabu yenye deni ipate pesa ya matumizi. Ile idadi ya saba ilitokana na mfuko mtupu. Kombe la dunia la raga ya saba, ambalo lilichezwa mara ya kwanza mwaka 1993 huko Edinburgh, lilipewa jina la Kombe la Melrose.

Kutoka hapo mchezo ulibaki kwa miaka mingi katika ile miji ya mpakani, kisha ukateremka hadi London, ambako mashindano ya Middlesex yalianza mwaka 1926. Mwaka 1939 klabu ya Rosslyn Park ya London ikaanzisha mashindano ya saba kwa shule. Ndiyo yaliyokua hadi kuwa miongoni mwa mashindano makubwa kabisa ya raga ya shule duniani, yenye timu nyingi hivi kwamba huchukua siku kadhaa na viwanja vingi kwa wakati mmoja. Shule nazo ziliona alichokiona Haig: mwalimu mmoja, gari moja, watoto kumi hivi, na mnarudi nyumbani jioni mkiwa mmecheza mechi nne au tano badala ya moja.

Kwetu Kenya hadithi ilianzia upande mwingine wa ua. Raga ililetwa na walowezi na maafisa wa kikoloni, na kwa miaka mingi ilikuwa yao. Shule zilizoicheza kwa dhati zilikuwa za watoto wa Wazungu. Prince of Wales, iliyofunguliwa mwaka 1931, ndiyo tunayoiita leo Nairobi School, na Duke of York, ya mwaka 1949, ndiyo Lenana. Chama cha raga cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1953, na uwanja wake uko Barabara ya Ngong hadi leo. Ukikumbuka hali ya Kenya mwaka ule wa 1953, wakati wa sheria za hali ya hatari, huhitaji kuelezwa kwa nini hakuna babu yako aliyecheza pale. Waafrika katika shule zao walicheza soka na kukimbia riadha. Soka ilihitaji mpira tu, na hata mpira wenyewe uliweza kufumwa kwa matambara na majani ya ndizi.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, milango ya shule zile ilifunguliwa, na vijana Waafrika waliosoma humo wakaukuta mchezo na kuuchukua. Mwaka 1977 ndio ninaoupenda katika historia hii. Mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingiza timu yao, Mean Machine, katika Kombe la Kenya, wakalitwaa kwa mara ya kwanza ya kujaribu. Mwaka uleule ikaundwa klabu ya Mwamba, ya wachezaji Waafrika. Kutoka chuo kikuu mchezo ulienda ambako wahitimu wake walienda, na wengi wao walienda kufundisha. Mwalimu wa hesabu au jiografia alipangiwa shule Kakamega, Bungoma, Kisii au Nakuru, akafika na sanduku lake la nguo na mpira mmoja uliochakaa.

Ndivyo mpira ulivyotufikia sisi pia. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja, ingawa wengi mtaijua. Mwalimu alikuwa kijana, amechezea timu ya pili ya chuo. Alitaka kuunda timu ya watu kumi na watano, akahesabu wavulana wakubwa waliokuwa tayari, akapata tisa. Soka ilikuwa imewachukua wengine wote, na kwetu anayeiacha soka huulizwa kama ni mgonjwa. "Basi tutacheza saba," akasema, "na wawili watabaki akiba." Tulikata miti ya mikaratusi kwa milingoti. Skramu tulijifunzia kwenye nyasi ya ng'ombe, watu watatu kwa watatu, tukisukumana hadi kengele ya jioni.

Safari yetu ya kwanza ya mashindano tulipanda trela ya miwa iliyokuwa ikirudi tupu. Tulicheza mechi tatu na kushindwa zote. Katika mechi ya kwanza, wapinzani walipofunga trai, mwenzetu mmoja alikimbia hadi katikati ya uwanja, akasimama pale na kungoja apewe mpira aanzishe, kama kwenye soka. Hakujua kwamba katika raga ya saba aliyefunga ndiye anayepiga mpira wa kuanzisha tena. Walipiga, mpira ukapita juu ya kichwa chake, wakaufuata, wakafunga tena. Kijana huyo leo ni mtu mzima anayeheshimika na atakuwa meza ya mbele siku ya harambee, kwa hiyo naishia hapo.

Mechi ya tatu haikuwa na kichekesho. Mwenzetu mwingine aliangushwa vibaya na mfupa wa bega ukavunjika. Hapakuwa na sanduku la huduma ya kwanza wala mtu aliyejua kumfunga mkono. Alipelekwa hospitali kwa baiskeli, ameketi nyuma, akishikwa na mtu anayekimbia kando. Mkono ulipona kwa kupinda na hadi leo hauinuki juu ya sikio. Sikulisahau hilo nilipoketi na kamati kupanga bajeti. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa bajeti ya mashindano, kabla ya jezi na kabla ya kombe, ni muuguzi, machela, kinga za meno na gari la kusimama pale siku nzima. Aliyegongwa kichwa na kuonekana hana fahamu sawasawa atatolewa na hatarudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama baba yake ni mfadhili.

Sasa nieleze siku yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengi wetu tumeiona raga kwenye runinga tu. Mechi ina vipindi viwili vya dakika 7, na mapumziko mafupi kati yake. Uwanja ni uleule wa watu kumi na watano, kwa hiyo nafasi ni kubwa na mbio ni nyingi. Trai ni alama 5, na mkwaju wa nyongeza alama 2, ambao hupigwa kwa kudondosha mpira chini na kuupiga unapogusa ardhi. Mchezaji anayepewa kadi ya njano hukaa nje dakika 2, na dakika 2 kati ya 14 ni nyingi mno. Timu nyingi zimepoteza mechi humo. Shule nane zikigawanywa makundi mawili ya nne nne, kila timu ikicheza na wenzake wote wa kundi, hizo ni mechi 12. Ongeza nusu fainali mbili, mechi ya kutafuta nafasi ya tatu, na fainali. Jumla ni mechi 16. Ukitenga dakika 20 kwa kila moja pamoja na kuingia na kutoka, ni saa 5 na dakika 20, kwa uwanja mmoja. Ukianza saa tatu asubuhi umemaliza kabla ya mvua ya jioni, ambayo kwetu haikosi. Na kila shule ikileta watoto 12, ni watoto 96 waliocheza. Mechi mbili tu za watu kumi na watano, za dakika 70 kila moja, zingekula karibu nusu ya muda huo na kuwachezesha watoto 60.

Hiyo ya wasichana tumeipanga iende sambamba, mechi ya wavulana na ya wasichana kwa zamu. Tutahitaji kuanza mapema au kuweka timu nne tu za wasichana mwaka wa kwanza. Kamati bado inabishana. Wanaosema raga si ya wasichana wamechelewa. Kombe la dunia la raga ya saba la wanawake lilianza mwaka 2009, na raga ya saba ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Rio de Janeiro mwaka 2016, Kenya ilipeleka timu ya wanaume na ya wanawake pia. Shule ya wasichana yenye kidato kimoja kidogo huweza kupata saba. Kumi na watano ni vigumu.

Katika kalenda ya michezo ya shule za upili nchini, raga ya watu kumi na watano huwa muhula wa kwanza na ya saba huwa muhula wa pili. Timu huanzia kanda, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, mkoa hadi taifa, na zinazofuzu huenda mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Ngazi hiyo ipo na ni nzuri. Shida ni kwamba shule nyingi za kwetu hutolewa kwenye kanda baada ya mechi moja au mbili, mwezi ule uleule zilioanza mazoezi, kisha mpira unarudi kabatini hadi mwaka unaofuata. Siku moja ya nyumbani, kabla ya kanda, ingewapa mechi tatu angalau hata timu ya mwisho.

Nchi nzima ilianza kuipenda raga ya saba kabla ya sisi kuielewa. Mashindano ya Safari Sevens yalianza Nairobi mwaka 1996. Mwaka 2009, katika kombe la dunia lililofanyika Dubai, timu ya Kenya, tunayoiita Shujaa, iliitoa Fiji katika robo fainali na kufika nusu fainali. Kisha ikaja tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, ambapo chini ya kocha Benjamin Ayimba Kenya iliishinda Fiji alama 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa ubingwa wake wa kwanza katika msururu wa dunia. Mwezi uliofuata, London, Collins Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko wote katika historia ya msururu huo. Rekodi ile baadaye ilipitwa, lakini kwa muda kidogo mtu aliyeongoza dunia nzima alikuwa mchezaji wa klabu ya Mwamba, mdogo wake Humphrey Kayange. Ayimba alituacha Mei 2021. Ninajua nyumba moja ya kwetu ambako picha ya fainali ile ya Singapore imebandikwa kando ya picha ya harusi.

Sitawadanganya kwamba uwanja ukisawazishwa tutatoa Injera mwingine. Wavulana tisa wa shule yetu hawakutoa mchezaji hata mmoja wa taifa. Mmoja alipata nafasi katika shule kubwa iliyomwona akikimbia siku ile tuliposhindwa zote, akasomea huko, na sasa ni mwalimu. Wengine tulibaki na mazoea ya kuamka mapema. Na yule wa bega alipata bega.

Nirudi kwa swali la mzee, maana ni swali halali na nusu nzima ya wanachama wanaliuliza. Karo kwanza. Tangu miwa ilipoacha kulipa kama zamani, orodha ya wanaoomba msaada wa karo imerefuka kila mwaka, na hakuna kamati inayoweza kuitazama na kusema uwanja ni muhimu zaidi. Kwa hiyo mfuko wa karo haujaguswa. Hesabu zake ziko ukurasa wa mweka hazina na kila mtu azisome. Pesa za uwanja zinachangwa kando, mara moja. Baada ya hapo siku yenyewe inatakiwa ijilipe, kama ya Haig. Kiingilio kidogo kwa watu wazima, watoto wa shule bure, akina mama wa vikundi wauze chakula na kulipia nafasi zao, na kinachobaki kiende kwenye mfuko wa karo. Mwaka wa kwanza huenda kisibaki kitu, na mweka hazina amekwisha sema hatawaficha.

Nilimtembelea mzee yule nyumbani kwake nikiwa na rasimu ya makala haya, nikamsomea sehemu ya Melrose. Alicheka sana aliposikia jinsi wenyeji walivyotoka uwanjani na kombe. Akaniambia, "Hao ni watu kama sisi." Kisha akanionyesha ng'ombe wake watatu waliokuwa wakilisha kwenye uwanja wenyewe, ng'ambo ya ua, akauliza tukiuzungushia seng'enge watalisha wapi.

Swali hilo kamati haijalijibu.